Dosha Mbili Katika Mwili Mmoja

Tiba ya Kihindi iitwayo Ayurveda ina maadui wa namna mbili: waikanao bila kuisoma, na waisifuo bila kuisoma. Madhara ya wale wa kwanza ni machache. Hawa wa pili ndio wauzao vikopo vya unga na karatasi za maswali. Mtu huulizwa kama ngozi yake ni kavu au ina mafuta, kama usingizi wake ni mzito au mwepesi. Kisha huambiwa kuwa yeye ni vata-pitta au vata-kapha, akapewa orodha ya vyakula, akarudi nyumbani na jina jipya. Tangu siku ile jina ndilo lichaguao chakula chake.

Vitabu vyenyewe havikufundisha hivyo. Kwa Charaka na Sushruta mwili huendeshwa na dosha tatu: vata, kavu, nyepesi na baridi, pitta, yenye moto na ukali, na kapha, nzito, baridi na yenye utelezi. Ni kweli kwamba maumbile ya watu yamegawanywa mafungu saba: matatu ya dosha moja, matatu ya dosha mbili mbili, na moja ambalo dosha zote zi sawa. Wauza majina hukomea hapo. Charaka hakukoma. Mgonjwa amtaka achunguzwe kwa mambo kumi, miongoni mwao maumbile aliyozaliwa nayo, upotovu uliomfika, mazoea yake, nguvu ya kusaga chakula na umri. Na kwa upotovu peke yake ahesabu namna 62 za dosha kuzidi na kupungua. Vagbhata aongeza ya 63, nayo ndiyo afya. Karatasi ya maswali ishirini yawezaje kubeba hesabu hiyo?

Udhaifu wao huonekana wazi dosha zinapochanganyika. Ladha ni sita. Vata hutulizwa na tamu, chachu na chumvi. Pitta na tamu, chungu na kakasi. Kapha na kali, chungu na kakasi. Basi mwenye vata na pitta ana tamu ya kumfaa pande zote mbili, na mwenye pitta na kapha ana chungu na kakasi. Lakini mwenye vata na kapha hana hata ladha moja! Kitulizacho hiki huchochea kile. Mwuzaji humpa orodha mbili zipinganazo, akamwambia achanganye. Mganga aliyesoma hukumbuka kuwa dosha hizo mbili zote ni baridi, akatafuta joto: chakula cha moto kilichoiva vema, tangawizi, maji ya uvuguvugu. Kisha hutazama majira, kwani vata huchafuka wakati wa mvua, na kapha baridi inapokwisha. (Na majira hayo ni ya India, si ya Mombasa wala ya London, nalo hili halimo katika orodha.) Kuamka kabla ya mapambazuko, kukwangua ulimi na kujikanda kwa mafuta ya ufuta havina bei kubwa, na pengine ndiyo sababu havitangazwi sana.

Mtetezi atasema: sayansi ya leo haijathibitisha dosha hizo, basi kosa la orodha lina uzito gani? Kama jambo lingekuwa tangawizi tu, maneno yake yangetosha. Lakini orodha huja na kopo, nalo kopo huuzwa kwa neno moja: ni la asili, halidhuru. Katika mwaka 2008 ulichapishwa Marekani uchunguzi wa dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwa intaneti. Karibu moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au zarniki. Baadhi ya madini hayo hayakuingia kwa bahati mbaya, kwani lipo tawi la tiba hiyo litengenezalo dawa kwa zebaki makusudi. Risasi nayo ni ya asili, yachimbwa ardhini kama chumvi ya mawe. Ikiingia katika damu ya mama mja mzito humfikia mtoto tumboni, ambaye hakuulizwa swali hata moja kati ya yale ishirini.