Kamba Haioni Haya: Tupime Viuno Vyetu



Ndugu wasomaji, hapa Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, ni akina mama wachache wasioujua utepe wa rangi tatu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 huzungushiwa mkononi, juu ya kiwiko, na ukisoma chini ya sentimita 11.5, yaani rangi nyekundu, anapelekwa hospitali upesi. Hakuna anayebishana na utepe huo. Sasa tunauliza: mbona mama aliyembeba mtoto huyo, na baba aliyebaki nyumbani, hawapimwi kiuno hata siku moja? Kukonda kwa mtoto tunakupima, unene wa mzazi tunausifu!

Ndiyo, tunausifu. Mtu akirudi safari na tumbo mbele tunamwambia, "Mashaallah, umenawiri." Bibi harusi akinenepa, tunasema mume anamtunza. Na chanzo tunakijua. Miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ulipita katika miji hii ya mpakani inapolala malori, na Uganda wakauita "Slim" kwa jinsi ulivyokondesha watu. Tangu hapo mtu akipungua kilo mbili majirani hunong'ona. Wako wanaoogopa kupunguza mwili kwa sababu ya minong'ono hiyo tu. Lakini leo mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri huwezi kumjua kwa kumtazama, na unene haukuwa cheti cha afya hata zamani.

Tazameni hesabu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa Kenya, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito walikuwa asilimia 25 mwaka 2008-09. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 33. Hapo ilikuwa mmoja katika kila watatu.

Wengine watasema, "Zahanati walinipima kilo na urefu, nikaambiwa niko sawa." Hapo ndipo tunapopinga. Kipimo hicho, BMI, ni kilo zako kugawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukipata 25 umezidi uzito, ukipata 30 ni unene wa kupindukia. Hesabu hiyo ilianzishwa karne ya 19 na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mtu wa hesabu na nyota, wala hakuwa daktari. Inafaa, lakini haioni mafuta yamekaa wapi. Mchukuzi wa mizigo pale mpakani, mwenye misuli tupu, ataambiwa amezidi. Mwenye duka wa mita 1.70 na kilo 72 atapata 24.9 na kuambiwa yuko salama, hata kama kiuno chake ni sentimita 98! Na mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo yanayoandamana zaidi na kisukari, presha na maradhi ya moyo.

Basi chukua kamba. Ikate sawa na urefu wako, ikunje mara mbili, izungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Toa pumzi, usivute tumbo ndani. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako. Mwaka 2022 taasisi ya NICE ya Uingereza iliwashauri watu wazima wasivuke nusu hiyo. Kamba haikwambii kuwa una kisukari. Inakwambia nenda ukapimwe sukari na presha. Mjamzito hahusiki, wala mtoto mdogo.

Akina baba, msituambie suruali ni saizi ile ile ya miaka kumi iliyopita. Mshipi umeshuka chini ya tumbo! Na sisi watu wa kanzu, dera na buibui tujihadhari zaidi, maana vazi pana halina mshipi wa kutuonya.

Kuna wanaosema kupimana ni aibu. Aibu iko katika kumpima mtu hadharani na kumcheka, na hilo tunalilaani, hasa akifanyiwa mtoto mbele ya wenzake madrasa. Stara inawezekana: mume na mke chumbani, dada na dada, mama na binti yake mkubwa. Kamba ni ya nyumbani na jibu lake ni siri ya nyumbani.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha tumbo tuligawe theluthi: chakula, maji na pumzi. Sisi Ramadhani tunafunga mchana, na magharibi tunajaza theluthi zote tatu kwa sambusa, mandazi na soda. Tusimsingizie shetani, kafungwa.

Tunawaomba maimamu na walimu walitaje jambo hili baada ya Ijumaa. Na kila nyumba ikate kamba yake leo, kabla ya chakula cha usiku.

Wabillahi tawfiq.