Mizani Si Shahidi wa Pekee

Kila baada ya mwezi wa Ramadhani husikika miongoni mwetu nia njema ya kupunguza uzito. Mmoja ameonywa na daktari kuwa shinikizo la damu limepanda. Mwingine ameambiwa sukari yake inakaribia mpaka. Wa tatu anahema kwa kupanda ngazi chache tu. Basi mtu huacha wali ghafla, hukataa hata chai, hutembea mpaka miguu ikavimba. Juma la kwanza mizani huonyesha kilo 3 zimepungua, naye hufurahi. Juma la nne mizani haisogei. Juma la sita imepanda kwa kilo 1. Hapo moyo humvunjika, akarejea kwenye sahani yake ya zamani.

Hatuandiki haya kwa ajili ya kumlaumu. Kosa lake halikuwa uvivu. Kosa lake ni kumsikiliza shahidi mmoja tu na kumwacha atoe hukumu peke yake.

Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushikana na maji yapatayo gramu 3. Mtu anapopunguza chakula, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Ndiyo maana kilo za mwanzo huondoka upesi, nazo kwa sehemu kubwa ni maji. Kadhalika, mlo mmoja wenye chumvi nyingi huweza kupandisha mizani asubuhi ya pili pasipo mafuta kuongezeka. Tena, kadiri mwili unavyokuwa mwepesi ndivyo unavyohitaji nguvu kidogo zaidi, na njaa nayo huzidi. Kwa hiyo baada ya miezi kadhaa mwendo hupungua. Hiyo ni tabia ya mwili, wala si dalili ya kushindwa.

Tunao ushahidi wa kututia moyo. Huko Marekani ulifanyika utafiti wa watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2002. Kundi moja lilielekezwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi, hasa ya kutembea, kwa dakika 150 kila juma. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na ushei. Katika muda wa karibu miaka 3, hatari ya kisukari katika kundi hilo ilipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. La kuzingatia zaidi ni yaliyotangazwa mwaka 2009, baada ya miaka 10: kundi lile lilikuwa limerudisha sehemu kubwa ya uzito uliopungua, na hata hivyo hatari yake ilikuwa bado chini kwa asilimia 34. Jitihada yao haikupotea bure.

Basi wako wapi mashahidi wengine? Yupo mshipi, uliokuwa ukifungwa tundu la mwisho na sasa unafungwa la pili. Ipo futi ya fundi cherehani, ipimayo kiuno mara moja kwa mwezi. Yapo magoti, yanavyotuitikia tunapoinuka kutoka sijida. Ipo njia ya msikitini, tuliyokuwa tukiipumzikia mara mbili na sasa twafika tukiwa na pumzi ya kuitikia salamu. Kipo kipimo cha presha na cha sukari katika zahanati. Mizani nayo tusiitupe. Tuipande mara moja kwa juma, siku ile ile na saa ile ile, kisha tulinganishe mwezi na mwezi, si jana na leo.

Huyasikia mara kwa mara kutoka juu ya mimbari mafundisho kwamba kidogo chenye kudumu ni bora kuliko kingi kinachokatika. Hekima hiyo hushuka mpaka jikoni. Anayekunywa vikombe 3 vya chai kwa siku, akapunguza sukari kutoka vijiko 3 hadi 1 kwa kila kikombe, ameacha vijiko 180 kwa mwezi, yaani karibu robo tatu ya kilo ya sukari. Hakuna aliyemwona, wala hakuteseka. Na akiteleza siku ya walima, akala pilau sahani mbili, asiseme yote yameharibika. Aliyejikwaa njiani hairudi nyumbani safari yake, hunyanyuka akaendelea.

Liko pia jukumu letu sote. Katika jamii yetu unene umehesabiwa kuwa neema, na mtu akipungua huulizwa kwa sauti: "Mbona umekonda, unaumwa?" Tangu miaka ya kuenea kwa ukimwi neno hilo limebeba shutuma, nalo limewarudisha nyuma wengi waliokuwa wakielekea kwenye afya. Tumwambie ndugu yetu neno jema, na anaposema ameshiba, mwenyeji asimpakulie tena kwa viapo.

Hata hivyo, mwenye kupungua bila kukusudia aende hospitali bila kuchelewa. Na mwenye kutumia dawa za kisukari au presha asibadili mlo wake wala kufunga saumu za sunna pasipo kuonana na daktari.

Mwili ni amana, na amana hailindwi kwa siku arobaini tu. Mwenyezi Mungu atujaalie subira ya kudumu katika kidogo, na macho ya kukiona kinapozaa matunda. Amin.