Maswali ya Lugha: Kiingereza na Mwana wa Chuoni

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mzazi mmoja wa hapa Sakina, akasema: "Ustadhi, niwie radhi. Binti yangu nataka kumwondoa chuoni. Ameingia kidato cha kwanza, masomo ni kwa Kiingereza, na kila afunguapo kinywa wenzake humcheka. Sasa hasemi tena darasani. Saa za chuo naona bora azitumie kwa tuisheni."

Hatukumkasirikia. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zilishika Kiswahili katika kufundisha, na sekondari zikabaki na Kiingereza; basi mtoto aliyesoma miaka yote kwa lugha moja huamka siku moja akadaiwa nyingine. Tena jiji letu la Arusha ni makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wageni waendao mlima Meru na mbugani hawaishi kupita. Asiyejua Kiingereza hapa huona milango mingi imefungwa. Khofu ya mzazi huyu twaijua, maana sisi wenyewe hatukuvuka shule ya msingi, na Kiingereza kidogo tulicho nacho tulikiokota ukubwani.

Tulimwomba jambo moja tu: kabla ya kumtoa, atuletee maswali yanayomtaabisha binti yake. Aliyaleta katika karatasi ya daftari. Twayajibu hapa, kwani twaamini nyumba nyingi zinayo hayo hayo.

Swali la kwanza. Nikisema "think" wenzangu husikia "sink". Kosa langu ni nini?

Jibu. "Think" ni kufikiri, na "sink" ni kuzama. Herufi t na h zikifuatana katika Kiingereza mara nyingi huwa na moja ya sauti mbili. Katika "think" na "three" ni sauti ya thaa. Katika "this" na "mother" ni sauti ya dhaal. Wengi wetu wa bara husema "selasini" na "zahabu" badala ya thelathini na dhahabu, ndipo ulimi ukazoea kujificha nyuma ya meno. Lakini wewe, binti yetu, kila jioni wasoma "alladhina" katika Al-Fatiha, na ncha ya ulimi wako hugusa ncha za meno ya juu kama ulivyofundishwa. Makhraj ni ile ile. Ichukue uende nayo shuleni.

Swali la pili. "Ship" na "sheep" zina tofauti gani?

Jibu. Kiswahili kina vokali tano tu, na Kiingereza kina sauti nyingi zaidi ya hizo, ndiyo maana sikio letu huzichanganya. "Sheep", yaani kondoo, ivute kama uvutavyo madd. "Ship", yaani meli, ifupishe na uulegeze ulimi kidogo. Asiyepambanua atasema amevuka bahari ndani ya kondoo! Na hapo hapo jihadhari usiongeze vokali mwishoni. Maneno yetu ya asili huishia kwa vokali, ndiyo maana "kitab" ya Kiarabu tuliifanya kitabu, na "book" wengine huitamka "buku". Wewe wajua sukuni. Basi simama juu ya herufi ya mwisho kama usimamavyo mwisho wa aya.

Swali la tatu. Kwa nini huandikwa "an hour" lakini "a university", hali h si vokali na u ni vokali?

Jibu. Hukumu hufuata sauti, wala haifuati herufi. Katika "hour" h haitamkwi, neno laanza kwa vokali. "University" laanza kwa sauti ya y. Jambo hili lisikushangaze. Katika Kiarabu, laam ya "al" husikika katika "al-qamar", na katika "ash-shams" huandikwa isitamkwe, kwa sababu ya herufi iliyo mbele yake.

Swali la nne. Mwalimu hunikosoa nikisema "my mother, he".

Jibu. Kwetu "yeye" humtosha mwanamume na mwanamke, basi ulimi husahau. Lakini chuoni umejifunza "huwa" na "hiya". Kila utakapo kusema "he" au "she", jiulize kwanza: ni huwa au ni hiya?

Swali la tano. Nikiulizwa kwa neno la kukanusha, nijibu "yes" au "no"?

Jibu. Hapa chuo hakitakusaidia, na sisi wenyewe tuliumia. Mwaka mmoja tulikwenda kupimwa sukari, tumefunga tangu usiku kama tulivyoagizwa. Daktari, mgeni asiyejua Kiswahili, akatuuliza: "Haven't you eaten?" Tukajibu kwa furaha, "Yes", tukikusudia: ndiyo, hatujala. Yeye akafahamu kuwa tumekula, akaturudisha nyumbani, na kesho yake tukafunga tena. Kiswahili hukubali neno la muulizaji, na "naam" ya Kiarabu hufanya vivyo hivyo. Kiingereza hutazama tendo lenyewe: kama hukula, sema "no", kama umekula, sema "yes", vyovyote ulivyoulizwa.

Mzazi aliposoma majibu haya alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe nusu ya kazi ameifanya chuoni." Tukamwambia kweli yote: nusu si kazi nzima. Chuo hakifundishi msamiati wa sayansi wala utungaji wa Kiingereza. Kwa hiyo tumekubaliana binti aende tuisheni siku mbili za juma, na siku zilizobaki aje kwetu. Wala si aibu kwa mwalimu wa dini kusema hivi, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akajifunza kwa muda mfupi.

Limebaki jambo la kicheko, nalo ndilo lililotuuma zaidi. Nabii Musa, aleyhi salaam, aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, akaomba na nduguye Harun awe msaidizi wake. Mtoto aliyefungwa ulimi ahitaji Harun. Basi enyi wazazi na ndugu wakubwa, mtoto akikosea Kiingereza mezani kwenu, msahihisheni kwa upole, akariri mara tatu, muendelee na chakula. Binti huyu juzi aliinua mkono darasani kwa mara ya kwanza. Alikosea neno moja, akasahihishwa, akaketi.

Wabillahi tawfiq.