Pampu ya Baisikeli: Ipi Itafaa Njiani?

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Nandi, wachukuzi wa samaki huondoka ufukoni Dunga kuelekea masoko ya Kisumu, mizigo yao imefungwa imara juu ya keria. Mchukuzi ajuaye kazi yake hana nafasi ya kupoteza, kwa maana ngege aliyevuliwa usiku hawezi kungojea jua la saa sita. Tairi likiisha upepo katikati ya njia, hasara si ya tairi tu. Ni ya mzigo mzima, na ya mnunuzi ambaye kesho atamtafuta mchukuzi mwingine. Ndipo hujulikana kama kile kilichofungwa kwenye fremu ni pampu au ni pambo.

Watu wa Kisumu ni wenyeji wa baisikeli tangu zamani. Jina la bodaboda lilitoka mpakani Busia, ambako abiria na mizigo yao walivushwa kwa baisikeli baina ya Kenya na Uganda, na Kisumu nayo ikajaa baisikeli za abiria mpaka pikipiki zilipozidi, baada ya mwaka 2008. Hata hivyo baisikeli haikufa. Bado yuko fundi aendaye kazini nayo, mwanafunzi, na mchuuzi wa maziwa; na siku hizi wako pia vijana wapandao vijia vya Kajulu na Riat kwa mchezo na afya. Basi katika mji mmoja huonekana baisikeli za namna mbili: Black Mamba yenye magurudumu makubwa na matairi membamba, na ile ya milimani yenye matairi manene ya meno. Mwenye duka huuza pampu kana kwamba zote ni sawa. Si sawa.

Jambo la kwanza la kutazama ni vali, yaani ule mdomo wa tyubu upitishao upepo. Vali ya Black Mamba ni ya kizamani. Ndani yake mna kipira kidogo kama mrija, ambacho husukumwa na upepo unaoingia, kisha hubana ili usitoke. Vali ya baisikeli ya milimani aghalabu ni kama ya motokaa, nene, yenye sindano katikati. Pampu yenye mrija wa kufungwa kwa skrubu kwenye vali ya kwanza haitashika vali ya pili. Mtu mwenye baisikeli zote mbili nyumbani, au asafiriye na wenzake, yafaa anunue pampu yenye kichwa cha matundu mawili. Na ambaye vali yake ni ya kipira, asiache kuweka vipira viwili vya akiba mfukoni, kwa sababu kipira huoza kwa joto, na hapo pampu hulaumiwa bure.

La pili ni unene wa bomba, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Pampu nene hupendeza dukani, kwa kuwa kila msukumo hutia upepo mwingi. Lakini upepo ulio ndani ya tairi hurudisha nguvu, na nguvu hiyo huzidi kwa kadiri ya upana wa bomba. Mathalan, tairi la Black Mamba lenye mzigo huhitaji yapata ratili 45 kwa kila inchi ya mraba. Bomba lenye upana wa inchi 1 humtaka mtu asukume kwa uzito wa ratili 35 hivi ili kufikia hapo, nalo bomba la inchi 1 na nusu humtaka karibu ratili 80. Ratili 35 mkono wa mtu mzima huziweza, ila ratili 80 zataka mtu asimame na kuuegemeza mwili wote. Kwa hiyo pampu ya mkononi, ya kuchukuliwa njiani na mwenye tairi jembamba, iwe nyembamba na ndefu. Tairi nene la milimani hushiba kwa nguvu ndogo zaidi, lakini hunywa upepo mwingi; humo bomba nene kidogo lina faida. Kiasi hasa kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, mahali ambapo wachache husoma.

Mnunuzi asiridhike kwa kusukuma pampu hewani, maana hewani hata pampu mbovu ni hodari. Na azibe tundu kwa kidole gumba, kisha asukume mpini mpaka ukatae, aushikilie hapo kwa muda. Pampu nzima, akiulegeza mkono, mpini hurudi nyuma wenyewe kama uliosukumwa na mtu. Mpini ukizama polepole, upepo unavuja mahali. Bora zaidi ni kuomba tairi lililokwisha kujaa na kulitia upepo zaidi kidogo. Wako wauzaji watakaonuna wakiombwa hivyo, na wanune.

Ndani ya bomba mna washa iliyo kama kikombe kidogo, ya ngozi au ya mpira, na hiyo ndiyo roho ya pampu. Washa ya ngozi ina sifa moja kubwa: hutengenezeka. Ikikauka kwa vumbi la kiangazi, kama lile la uwanda wa Kano, hunywea na kuacha upepo upite. Matone machache ya mafuta, na kuipanua kidogo kwa vidole, huirudisha kazini. Ikichakaa kabisa, fundi aweza kukata nyingine katika ngozi ya kiatu kikuukuu. Pampu ambayo haifunguliwi kwa skrubu, hata ikiwa ya kung'aa namna gani, ikiharibika hutupwa. Kwa mtu atembeaye kutoka Ahero hadi Kisumu, zaidi ya kilometa 20, hilo ni jambo zito kuliko rangi.

Kuhusu kipimo cha saa kilichobandikwa chini ya pampu za kusimama, kinafaa kwa vali ya motokaa. Kwa vali ya kipira husema zaidi ya ukweli, kwa kuwa hupima na ukaidi wa kile kipira. Heri kidole gumba. Nao upepo wa kituo cha petroli huja kwa kishindo, na mara nyingine huipasua tyubu kabla mtu hajageuka.

Mwenye kupata riziki kwa baisikeli afanye vema kuwa na pampu mbili: ya kusimama, yenye miguu ya chuma, ya kujaza matairi nyumbani kila asubuhi, na nyembamba ya kufunga kwenye fremu. Asiyeweza kununua zote aanze na ile nyembamba, kwani nyumbani jirani ataazima, lakini katikati ya mashamba ya mpunga hakuna jirani. Na afikapo sokoni aifungue aingie nayo, maana pampu nzuri iliyoachwa kwenye fremu huko Kibuye haimngojei mwenyewe.