Ukurasa wa Nyumbani: Kukikagua Kisu cha Kukunja kabla ya Kukinunua



Mwezi huu twajibu swali la mwalimu mmoja wa upande wa Matombo. Atuandikia kwamba katika muda wa mwaka mmoja amenunua visu vitatu vya kukunja, na vyote vitatu vimemharibikia. Cha kwanza kilipinda, cha pili kililegea kiungo, na cha tatu kilishika kutu kikakataa kufunguka. Auliza, "Je, mtu asiye fundi aweza kukijua kisu chema kabla hajatoa fedha yake?" Twamjibu: Aweza, wala hahitaji ila macho yake, vidole vyake, na saburi kidogo.

Swali hili si dogo. Katika milima ya Uluguru kisu cha mfukoni kina kazi kutwa. Mwenye bustani Mgeta hukatia kabichi na kufungulia magunia. Watu wa Mkuyuni na Kinole hukatia ndizi na nanasi. Mwenye mdalasini huambulia maganda, abebeshaye michungwa hukatia kijiti cha kupandikiza, naye mwalimu huchongea penseli za watoto. Kisu kibaya huwapotezea hawa wote fedha, tena huwaumiza.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulisimama mbele ya meza ya mchuuzi katika soko moja chini ya mlima. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na gari la kupanda juu lilikuwa likipiga honi. Tukaona kisu king'aacho, chenye mpini mwekundu. Mchuuzi akasema, "Kifungue ukitazame, mzee." Tukamjibu, "Hapana haja, mwanangu, twakuamini." Tukalipa, tukaenda zetu.

Siku ya nne kijana wa nyumba yetu alikuwa akikata muwa. Alichoma ncha ya kisu katika pingili, akasukuma, na kisu kikajikunja kikafunga juu ya vidole vyake viwili. Jeraha lilifika karibu na mfupa. Alipelekwa zahanati, akashonwa, akadungwa sindano ya pepopunda; na mtihani wa muhula ule aliuandika kwa mkono wa kushoto. Baadaye tulipokitazama kisu kile kwa mwanga wa mchana, dalili zote zilikuwapo: msumari wa kiungo ulicheza, na kamani ilikuwa nyembamba kama bati. Ni mambo ya kuonekana kwa nusu dakika. Nusu dakika hiyo ndiyo tuliyomnyima kijana wetu.

Basi, tuseme kwanza habari za majina, maana wengi hununua jina wakidhani wamenunua kisu. Tangu zamani miji miwili ya Ulaya ina sifa kuu katika kazi ya visu: Sheffield katika Uingereza, na Solingen katika Ujerumani. Huko Solingen ndiko kilikoanza kutengenezwa, mwaka 1902, kisu kiitwacho Okapi, nacho kilikusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani huku Afrika. Kilipewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemwandika katika vitabu vyao mwaka mmoja tu kabla yake. Tangu mwaka 1988 kisu hicho hutengenezwa Afrika Kusini. Kina mpini wa mti, na mgongoni kizuizi chenye pete. Pete huvutwa ndipo kisu kifungike. Twakitaja kwa kuwa ni kisu cha bei ya mtu wa kawaida, ambacho viungo vyake vyaonekana wazi na vyaweza kupimwa na mtu yeyote.

Walakini visu vyenye jina huigwa. Jina la Solingen lina ulinzi wa sheria katika Ujerumani tangu mwaka 1938, lakini sheria ya huko haikai mezani kwa mchuuzi wa hapa. Kadhalika neno la Kiingereza la kusema kwamba kisu hakishiki kutu laweza kupigwa juu ya chuma chochote. Kwa hiyo lisome jina, kisha uliache kando, ukitazame kisu chenyewe. Fanya hivi.

Kwanza, kitazame kikiwa kimefungwa. Kengee, yaani ule ubapa wenye makali, yapasa ilale katikati ya mfereji wake, isiegemee upande. Ncha yapasa izame ndani kabisa. Pitisha kitambaa juu ya mfereji. Kitambaa kikinasa, ncha imetokeza, nayo itakuchoma mfukoni, au itamchoma mtoto atakayekiokota. Kisu cha namna hii kirudishe mezani, wala usiendelee.

Pili, kiinue mbele ya mwanga. Tazama mahali kamani inapokutana na mabamba ya pembeni, na mahali mabamba yanapokutana na mpini. Mwanga ukipenya, viungo havikukazwa. Ndimo yatakamoingia maji, mchanga na maji ya matunda, na kutu itaanza humo usimoweza kufuta.

Tatu, kifungue polepole, ukisikilize. Kengee yapasa ipande kwa nguvu iliyo sawa mwanzo hata mwisho, kisha ijikaze mahali pake kwa mlio mmoja mkavu. Ikikwaruza kama iliyomeza mchanga, au ikifunguka kwa ulegevu kama mlango usio na komeo, kamani ni dhaifu. Tazama pia ule mfuo mdogo wa kutilia ukucha: ukiwa mfupi mno au umechongwa vibaya, utavunja kucha zako kila siku, na siku ya baridi ya Mgeta hutakifungua kamwe.

Nne, kitikise. Shika mpini kwa mkono mmoja, na mgongo wa kengee kwa vidole vya mkono wa pili, makali yakielekea mbali nawe. Sukuma kushoto na kulia, kisha juu na chini. Kikicheza kushoto na kulia, msumari wa kiungo umelegea. Kikicheza juu na chini, kosa li katika kamani au kizuizi, na hili ndilo baya zaidi, maana ndilo lililomjeruhi kijana wetu. Kisu kipya hakina udhuru wa kucheza. Mchuuzi akikuambia kwamba kitakaza kikizoea, usikubali. Kiungo hulegea kwa kazi, hakikazi.

Tano, chunguza misumari na mpini. Kichwa cha msumari kiwe kimefuliwa kikalingana na mpini, kisikwaruze kidole. Mpini wa mti au wa pembe utazame kuzunguka misumari, kwa kuwa ndipo ufa unapoanzia. Ufa mdogo kama unywele leo utakuwa mpana baada ya masika moja. Nchi yetu ya milimani ina mvua nyingi, na mti hunywa maji ukavimba, ukakibana kisu kisifunguke. Kwa hiyo mpini uwe wa mti mkavu, uliolainishwa vema na kutiwa mafuta. Rangi nzito mara nyingi huficha nyufa zilizozibwa.

Sita, tazama kengee yenyewe. Ielekeze jichoni kama utazamavyo fimbo uliyochonga, uone kama mgongo umenyoka. Iwe nene mgongoni na kupungua kwa usawa hata makalini, na pande zote mbili ziwe zimesuguliwa sawasawa. Kisha geuza makali juu, uyatazame mwangani. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona mstari mweupe au kidoa king'aacho, hapo pana ubutu au pengo.

Saba, ikiwa kisu kina kizuizi, kipime. Kifungue mpaka kizuizi kishike, vidole vyako viwe nje ya njia ya makali, kisha kandamiza mgongo wa kengee juu ya ubao wa meza, pole kwanza, halafu kwa nguvu kidogo. Kikiachia, usikinunue kwa bei yoyote. Na kisu kisicho na kizuizi si kibaya kwa sababu hiyo. Visu vingi vyema vya wazee havikuwa nacho. Ila mwenye kukitumia ajue kwamba si cha kuchomea wala kupekechea, bali cha kukatia tu.

Limebaki jambo moja ambalo jicho haliwezi kuliona, nalo ni ugumu wa chuma. Pua njema huchomwa motoni na kupozwa kwa ghafula ili iwe ngumu, kisha hupashwa tena moto kidogo isiwe ya kuvunjika kama kioo. Kazi hii isipofanywa vema, kisu kitang'aa tu. Mwombe mchuuzi ruhusa ya kuchonga kipande cha mwanzi mkavu mara kumi, kisha tazama makali tena mwangani. Yakiwa yamekunjika, chuma ni laini. Yakimeguka, ni kigumu kupita kiasi.

Wengine huuliza kama tuchague pua ishikayo kutu au isiyoshika. Hii ya pili ilianza Sheffield mwaka 1913, kwa kazi ya Harry Brearley aliyechanganya chuma na kromiamu. Yafaa kwa mwenye kukata matunda na kushinda mvuani. Pua ya kale hugeuka kijivu kwa maji ya ndimu, na hutaka kupanguswa kila jioni, lakini hunoleka upesi juu ya jiwe la kawaida. Mwenye uangalifu na achague ya kale. Mwenye kusahau na achague isiyoshika kutu.

Kwa fedha ile ile, chukua kisu cha kengee moja yenye nguvu, uache kile chenye vyombo kumi vilivyo hafifu. Nunua mchana. Na ukifika nyumbani, tia tone moja la mafuta ya cherehani katika kiungo. Mafuta ya kupikia huganda yakashika uchafu.

Sasa turudi kwa neno lililo zito kuliko kamani na misumari. Tulipomwambia yule mchuuzi kwamba twamwamini, hatukusema kweli. Hatukumjua hata jina. Tuliona haya kuonekana watu wenye shaka, tena tuliogopa kuachwa na gari. Nasi tukaipa haya yetu jina zuri la imani. Mchuuzi hakutukosea, maana alitutaka tukitazame. Wengi wetu tumelelewa tukiona kwamba kugeuzageuza mali ya mtu mbele ya macho yake ni kumtukana. Si hivyo. Wazee walisema biashara haigombi. Muuzaji mwaminifu hufurahi kisu chake kipimwe, kwa kuwa kupimwa ndiko kunakokitenga na kile cha jirani yake. Na asiyetaka kipimwe amekwisha kukujibu.

Kijana wetu amepona, ingawa kidole kimoja hakikunji sawasawa hata leo. Siku hizi akienda sokoni hukiinua kisu mbele ya jua, akafumba jicho moja, wala haoni haya. Wazazi na walimu, wafundisheni watoto hivyo: kukikagua kisu, kumpa mwenzako ukitanguliza mpini, na kutokwenda nacho shuleni pasipo ruhusa. Na mtu akikatwa, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, lifungwe, aende zahanati akaulizwe habari za sindano ya pepopunda, hata kama kisu hakikuwa na kutu. Maana ugonjwa huo hukaa udongoni, nacho kisu cha shamba hugusa udongo kila siku.

Mwalimu wetu wa Matombo, kisu chako cha nne usikinunue jioni. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari za kinoo, na namna ya kunoa pasipo kuharibu makali.