Mazungumzo ya Mwezi: Je, Sikukuu ya Uhuru Yafaa Kuadhimishwa Wakati wa Matanga?



Mwalimu mmoja ametuletea maswali mawili, wala si yeye wa kwanza kuyauliza. Kila mwaka, karibu na tarehe 9 Desemba, huwafundisha watoto wake habari za Uhuru wa Tanganyika. Sasa auliza, baada ya mambo ya mwaka 2025, awaambie nini? Washangilie kama zamani, au siku ile iachwe ipite kama siku nyingine yoyote? Swali lake la pili ni dogo, nasi tutalijibu mwisho. Wako na wengine wasemao waziwazi kwamba sikukuu hiyo haina maana tena. Maneno yao si ya kupuuzwa, maana baadhi yao wamezika.

Tusizunguke, tutaje kwanza yaliyotokea. Tarehe 29 Oktoba 2025 ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu. Maandamano na ghasia zikatokea katika Dar es Salaam na miji mingine, watu wakakatazwa kutoka nje usiku, intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa, na watu wakauawa. Idadi yao ikawa jambo la kubishaniwa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema katika mwezi wa Novemba kwamba mamia waaminika kuwa wameuawa. Serikali ikasema kwamba hesabu zilizotajwa zimetiwa chumvi, nayo ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu, Mohamed Chande Othman. Mwishoni mwa mwezi huohuo Waziri Mkuu akatangaza kwamba sherehe za 9 Desemba hazitakuwapo, na fedha zake zitatengeneza mali ya umma iliyoharibiwa. Siku yenyewe ilipowadia, maandamano yaliyokuwa yameitishwa yalikatazwa, watu wakashauriwa wakae nyumbani, askari wakazunguka barabarani, na Dar es Salaam ikawa kimya. Sikukuu ya uhuru, na milango imefungwa! Mtoto mwenye akili hana budi kuuliza, na mwalimu hana budi kumjibu.

Walakini kufutwa kwa sherehe peke yake si jambo geni. Mwaka 2015 Rais John Magufuli, akiwa hajamaliza hata mwezi mmoja katika kiti chake, alizifuta. Kipindupindu kilikuwa kimeingia nchini, naye akaamuru siku ile iwe ya kufanya usafi, akatoka yeye mwenyewe na kuzoa takataka. Fedha za sherehe, shilingi bilioni 4, zikapelekwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco katika Dar es Salaam. Mwaka 2018 fedha za sherehe zilielekezwa kujenga Hospitali ya Uhuru huko Chamwino, Dodoma. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye alizielekeza kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalum. Sisi hatuoni hasara kubwa katika hayo. Gwaride la mwaka fulani lilikuwaje, nani akumbuka? Bali barabara yapitwa kila siku, na mgonjwa alazwaye Chamwino hana neno la kulalamikia mizinga isiyopigwa. Tofauti ya mwaka 2025 ni kwamba nyumba nyingi zilikuwa na msiba, na watu walikaa ndani wakiwa na hofu. Hapo swali si la fedha tena.

Basi na tutazame desturi yetu wenyewe, ambayo kila mzee aijua. Harusi imekwisha kupangwa, siku imetajwa, wageni wamealikwa. Ghafula jirani afiwa. Wazee hufanya nini? Hawaivunji ile ndoa, wala hawasemi kwamba tangu leo hakuna kuoana kijijini. Ndoa hufungwa, tena kwa siku yake. Illa ngoma hazipigwi, vigelegele huzuiwa, na chakula kilichopikwa hugawanywa, sehemu yake ikapelekwa kwa waliofiwa. Mtu apigaye ngoma mlango wa pili na matanga, hata akiwa na haki zote za dunia, huitwa mtu asiye na adabu. Na mfiwa naye hawalaani maarusi kwa kuwa wameoana.

Twadhani swali la mwalimu lina jibu lake hapo. Gwaride, halaiki, ndege za vita na hotuba ndefu ni ngoma. Ngoma yaweza kunyamazishwa, na mara nyingine yapasa kunyamazishwa. Lakini lile jambo lenyewe, kwamba usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Waingereza ilishushwa katika uwanja wa Dar es Salaam, ikapandishwa ya kijani, nyeusi na dhahabu, jambo hilo haliwezi kufutwa kwa tangazo, maana halikuletwa na tangazo la mtu mmoja.

Wengine watasema, mwaka 1961 watu walikuwa na furaha, ndiyo maana walisherehekea. Hapo yafaa kukumbushana. Mwaka ule haukuwa wa neema. Sehemu za kati za nchi zilipatwa na ukame na njaa, watu wakala chakula cha msaada. Tena mvua zilipokuja mwishoni mwa mwaka, zilikuja kwa wingi wa kuharibu, hata Ziwa Victoria likaanza kupanda, likaendelea kupanda kwa miaka kadhaa hata kuzidi meta mbili. Mwalimu Nyerere alikuwa akisema kwamba nchi iliachiwa madaktari 12 na wahandisi 2, na katika kila watu 100 watu 85 hawakujua kusoma. Katika hali hiyo Luteni Alexander Nyirenda alipanda na mwenge hata kilele cha Kilimanjaro. Watu hawakungoja mambo yatengenezwe ndipo washerehekee. Walisherehekea kwa sababu tangu siku ile mambo mabaya ya nchi yangekuwa mikononi mwao wenyewe kuyatengeneza, na lawama yake ingekuwa juu yao.

Kuna neno jingine tulilozoea kulisema kila Desemba, nalo ni kweli nusu tu: kwamba sisi tulipata uhuru bila kumwaga damu. Ni kweli tangu kuundwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954 kazi ilifanywa kwa mikutano, kwa kadi na kwa kura. Ilifanywa na Nyerere aliyeacha kazi ya ualimu huko Pugu mwaka 1955, na Bibi Titi Mohamed aliyewaita wanawake wakaja kwa maelfu, na wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliua watu wengi mno, na njaa iliyofuata ikaua zaidi ya risasi. Mjini Songea kila mwaka, mwishoni mwa Februari, watu hukusanyika kuwakumbuka wazee na wapiganaji walionyongwa na Wadachi mwaka 1906. Hawaendi pale kucheka. Hakuna pia aulizaye kama siku ile yafaa kuwekwa, eti kwa kuwa ni ya huzuni. Kwa hiyo katika nchi hiihii iko mifano miwili ya kuiweka siku ya taifa, mmoja wa shangwe na mmoja wa kilio. Twaona 9 Desemba yaweza, kwa miaka fulani, kujifunza kwa Songea.

Na wale wasemao, «Uhuru gani?» Wasinyamazishwe darasani, ndugu mwalimu. Swali hilo ndilo lililoulizwa na wazee wa 1954. Lakini uwaonyeshe watoto kwamba mtu aulizaye «uhuru gani?» tayari ana kipimo mkononi, naye apima. Kipimo hicho amekipata wapi, kama si katika ile siku? Wakiisahau siku, watakuja kuwa watu wasioona kwamba kuna kitu kimepungua. Nao wanaotawala, wawe nani, wataona raha kuwa na raia wa namna hiyo. Kwa sababu hii twasema sikukuu yastahili kuwekwa hasa katika miaka mibaya. Katika miaka mizuri hata ikisahauliwa hasara si kubwa sana.

Hatusemi mama aliyempoteza mwanawe avae nguo mpya asubuhi ile. Asiambiwe na mtu yeyote, wala mjumbe wala mwalimu wala jirani, kwamba kutokushangilia kwake ni kukosa kuipenda nchi. Aketi nyumbani kwake. Majirani waende kwake siku ile, wasiende mikono mitupu, na jina la marehemu litajwe bila kunong'ona.

Kwa shule na nyumba zetu twashauri jambo moja, nalo halina gharama. Wako bado wazee waliokuwa watoto mwaka 1961. Aliyekuwa na miaka 10 siku ile sasa amepita 70, na kila Desemba wazidi kupungua. Watoto na watumwe kwao na daftari. Wasiulize, «Uhuru ni nini?» maana mzee atatoa hotuba, na hotuba wanazo. Waulize: Usiku ule ulikuwa wapi? Mlikula nini mwaka ule? Nani kijijini alikuwa na kadi ya TANU, na nani aliogopa kuichukua? Mlitumaini nini ambacho hakikuja? Swali la mwisho ndilo gumu. Mzee mwingine atacheka, na mwingine atanyamaza. Akinyamaza, watoto wasimharakishe.

Sasa lile swali dogo la mwalimu: kama sherehe hakuna, je, watoto waimbe wimbo wa taifa siku ile? Wimbo huo ulitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg, jina lake Enoch Sontonga, nao ulikuwa wimbo wa kanisa kabla haujawa wa taifa lolote. Hauna majivuno wala vitisho kwa adui. Ni maombi tangu mwanzo hata mwisho, na maombi huombwa hata msibani. Waimbe, bila ngoma.