Subira ya Wawili

Kila ndoa inapoyumba, maneno mawili hutajwa kwa pamoja, nayo ni subira na ridhaa. Subira ni uwezo wa mtu kuizuia nafsi yake isinene wala isitende kwa ghadhabu, huku akingoja mambo yatengemae. Ridhaa ni hali ya moyo kulikubali lile lililokwisha kutokea na ambalo halizuiliki tena. Maneno haya huhimizwa sana katika mafundisho ya kungwi na katika hotuba za harusi, lakini aghalabu mzigo wake hutwikwa mmoja, naye huwa ni mke. Hapo ndipo mawaidha mema yanapogeuka kuwa dhuluma.

Methali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu yafaa izingatiwe upya. Mwenye kuvundika ndizi, yaani anayezifukia shimoni ndani ya majani ya mgomba ili ziive, hazisahau humo, bali huzifunua, huzibonyeza kwa kidole, huitoa iliyooza isije ikaziharibu nyingine, kisha huzifunika tena. Kungoja kwake kuna kazi ndani yake, na subira ya ndoa haina budi kuwa vivyo hivyo.

Mfano ulio karibu na wengi ni wa mume aliyepunguzwa kazini. Kwa kuona haya hutoka alfajiri na shati lake lilelile la kazi, akashinda kijiweni, akarudi usiku na kukikuta chakula kimefunikwa kawa. Akiulizwa pesa ya matumizi, hufoka. Mke naye, kwa kuwa hakuambiwa kitu, hudhani mumewe amepata nyumba ndogo. Hapa ridhaa yampasa kwanza mume, akubali kwamba ajira imekwisha na amweleze mwenzake bila kuficha. Ndipo subira impase mke, asimpime mumewe kwa kipato cha mwezi mmoja wala asiitangaze aibu ya nyumba yake kwa majirani. Kisha waketi pamoja, wahesabu kodi, karo na unga, wajue kipi kipunguzwe na kipi kibaki.

Hekima ya kuipa ndoa muda haikuachiwa wazee peke yao. Qurani, katika sura ya An-Nisaa, aya ya 35, imeagiza kwamba mfarakano unapohofiwa ateuliwe hakamu, yaani mwamuzi, kutoka jamaa za mume, na mwingine kutoka jamaa za mke. Nayo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huzuia shauri la talaka kufunguliwa kabla ndoa haijatimiza miaka 2, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama, na kwa kawaida hutaka mgogoro upelekwe kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Dini na sheria zimekutana katika jambo moja: muda hutolewa ili pande zote mbili ziitwe na zisikilizwe, wala haikuagizwa popote kwamba mmoja aseme na mwingine avumilie.

Tena subira ina mpaka. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 66, imetamka kwamba mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Umaskini, maradhi na kukawia kupata mtoto ni mitihani inayowajia wawili kutoka nje, nayo hustahimiliwa. Kipigo hutoka kwa mmoja kumwendea mwingine, na anayemrudisha nyumbani mke aliyevimba jicho ili akavumilie, huyo anamsaidia mpigaji.

Kwa hiyo wazazi, masheikh, mapadri na washenga, wanapoketi kusuluhisha, na wamwulize kila mmoja kati ya wawili hao swali hili: katika siku hizi za kungoja, wewe umefanya nini? Atakayekosa jibu ndiye wa kuanza kufundishwa subira.